Gari lina nguvu lakini halichomoki: tafuta chanzo kwa kufuata dalili

Malalamiko haya yanajirudia kila penye mbio za robo maili. Mtu ameongeza turbo, injini inatoa nguvu za farasi 600, lakini akifika kwenye mstari anaachwa na gari lenye nusu ya nguvu hizo. Anarudi gereji, anaongeza presha ya turbo, na mbio zinazofuata muda wake unazidi kuharibika.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua gari la kilo 1,600 linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, uzito wake nusu mbele na nusu nyuma, mita 2.6 kati ya ekseli na ekseli, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 50 kutoka ardhini. Likivaa matairi ya kawaida kwenye lami kavu, yenye mgawo wa msuguano wa karibu 1, haliwezi kuongeza kasi zaidi ya 0.62 g (g 1 ni kiwango ambacho kitu kinachoanguka huongeza kasi), hata ukihesabu uzito unaohamia nyuma wakati wa kuondoka. Linapofika kilomita 36 kwa saa, kiasi hicho kinahitaji nguvu za farasi kama 130 tu zifike magurudumuni. Ukikanyaga zaidi ya hapo, kinachoongezeka ni mzunguko wa tairi, gari linaendelea kuongeza kasi kwa kiwango kile kile au pungufu. Ndiyo maana nasema mita za mwanzo ni kazi ya tairi na mguu, na injini inasubiri zamu yake.

Kabla hujashika spana, uwe na vitu vinne: geji ya upepo unayoiamini, daftari, chaki nyeupe, na mtu wa kukupiga video akiwa ubavuni mahali panaporuhusiwa, simu ikilenga tairi linalosukuma. Kwenye karatasi ya muda unayopewa uwanjani baada ya mbio, soma kwanza mstari wa futi 60, yaani mita 18.3 za mwanzo. Kwa kawaida, sehemu moja ya kumi ya sekunde unayookoa hapo huzaa sehemu moja na nusu hadi mbili mwishoni mwa robo maili. Gari la magurudumu ya nyuma lenye matairi ya barabarani likipata sekunde 2.0 hadi 2.3 liko kwenye kawaida yake. Likivaa rediali za dragi, yaani matairi laini ya mbio yenye mifereji michache, na kuendeshwa vizuri, 1.5 hadi 1.8 inawezekana. Badilisha kitu kimoja tu kila mbio na ukiandike. Ukigusa upepo, mizunguko ya injini na shokapu kwa pamoja, hutajua kipi kilichosaidia.

Yote haya ni ya uwanja wa mbio wenye wasimamizi, zimamoto na ambulansi. Barabara ya umma si mahali pake, hata saa nane usiku. NHRA, chombo kinachosimamia mchezo huu Marekani, kinataka kofia ngumu kwa gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 13.99 au pungufu, na magari mengi ya michezo ya leo yanafika hapo yakiwa kama yalivyotoka kiwandani. Vaa kofia.

Dalili ya 1: Matairi yanazunguka bure mara tu unapoondoka

Hii ndiyo inayoongoza, na chanzo cha kwanza ni mguu. Angalia video polepole: kama tairi limezunguka mara moja nzima na gari halijasogea hata nusu mita, uliachia nguvu yote kwa mkupuo. Kwenye gari la klachi, anza na mizunguko 3,000 kwa dakika, achia pedali mpaka pale klachi inapoanza kuuma, ishikilie hapo kidogo gari lisogee, ndipo umalizie kuachia huku mguu wa kulia ukiongeza mafuta taratibu. Bado linateleza? Shusha mizunguko 500, jaribu tena, na uendelee kushusha mpaka gari lianze kuzubaa. Ukifika hapo panda 250. Hapo ndipo penye kipimo cha gari lako kwa siku hiyo na kwa njia hiyo. Kwa gari la otomatiki, acha kwanza habari ya kubana breki na kupandisha injini. Ondoka injini ikiwa juu kidogo tu ya sailensa (mizunguko yake usipokanyaga mafuta), kisha kanyaga mpaka chini ndani ya sekunde moja hivi. Wengi hawaamini jinsi muda unavyoshuka kwa njia hii ya upole.

Cha pili ni upepo. Matairi ya kawaida yapunguze psi 2 (psi ni kipimo cha presha kwenye geji) kila mara kuanzia kipimo cha mtengenezaji, na kwa maoni yangu usishuke chini ya psi 24. Rediali za dragi kwenye gari la uzito wa kawaida hufanya kazi vizuri kati ya psi 15 na 20. Sliki, yaani tairi la mbio lisilo na mifereji kabisa, huhitaji chini ya hapo, mara nyingi 10 hadi 14, kutegemea uzito wa gari na maelekezo ya kiwanda. Soma alama nyeusi ulizoacha ardhini. Kingo zikiwa nyeusi na katikati pamefifia, upepo ni mdogo kupita kiasi. Katikati pakiwa peusi na kingo zimefifia, upepo umezidi. Na urudishe upepo wa kawaida kabla ya kuendesha kurudi nyumbani, kwani tairi lililolegea hupata joto likienda mwendo mrefu, na linaweza kupasuka.

Cha tatu ni kuchoma matairi vibaya, yaani kuyazungusha papo hapo kabla ya mbio ili yasafike na kupata joto. Matairi ya barabarani yana mifereji, na mifereji hubeba maji. Ukipita ndani ya beseni la maji lililo nyuma ya mstari wa kuondokea, unayapeleka hadi kwenye mstari, na mengine yanadondoka kutoka kwenye matao ya matairi ya mbele, pale pale matairi ya nyuma yatakapokanyaga. Lizunguke beseni, zungusha matairi sekunde mbili tatu kuondoa vumbi na kokoto, basi. Ukiyachoma hadi wingu la moshi, mpira wake unakuwa na utelezi. Ukiweka kiganja unausikia kama umepakwa mafuta. Rediali za dragi ziache pale moshi mwembamba unapoanza kutoka. Sliki ndizo zinazopenda maji kidogo na joto zaidi. Gari la magurudumu manne halihitaji kuchomwa matairi, na kulilazimisha ni kuitesa giaboksi ya kugawa nguvu.

Kisha angalia njia yenyewe. Kuna mistari miwili iliyokoza kwa mpira wa magari yaliyotangulia. Matairi yako yakae juu yake, na usitoke nje yake hata kwa upana wa kiganja. Tazama pia umri wa matairi: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka unakauka hata kama mifereji bado ni mirefu.

Ukimaliza yote hayo na bado linateleza, chunguza namna uzito unavyohama. Gari letu la mfano, likivaa matairi ya kuliwezesha kufika 1 g, huhamisha kilo 308 kutoka mbele kwenda nyuma. Uzito huo ndio unaokandamiza tairi. Gari lililoshushwa sana, lenye springi ngumu na shokapu za mbele zilizokazwa kupita kiasi, pua yake haiinuki haraka na uzito unachelewa kufika. Kama shokapu zako zina kirekebishi, legeza za mbele upande wa kutanuka, hatua moja moja. Kubadilisha springi na pembe za mikono ya chini ni kazi ya fundi wa mashindano.

Wenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya mbele wako upande mgumu wa hesabu hiyo, kwani uzito unayakimbia matairi yanayofanya kazi. Kwao, springi za nyuma ngumu zaidi na upepo mwingi kwenye matairi ya nyuma, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa ubavuni, husaidia kuliko nguvu yoyote ya ziada.

Dalili ya 2: Gari linazubaa, injini inazama kisha inaamka umeshaachwa

Hapa tairi linashika sana kuliko nguvu iliyopo wakati huo. Mara nyingi mizunguko ya kuondokea ni michache, au klachi imeachiliwa ghafla. Panda 250 hadi 500 na ujaribu tena.

Kama mizunguko inatosha, tazama traksheni kontroli, mfumo unaopunguza nguvu ya injini tairi likiteleza. Kwenye magari mengi, kubonyeza kitufe mara moja hupunguza tu ukali wake. Kuizima kabisa kunataka ushikilie kitufe kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo soma kitabu cha gari. Kuna pia magari ambayo kompyuta yake hukata mafuta ikiona umekanyaga breki na akseleta kwa pamoja. Hayo yana utaratibu wake wa lonchi kontroli (mfumo wa kompyuta wa kusimamia kuondoka), na usipoufuata hatua kwa hatua, mfumo hauamki.

Turbo kubwa nayo huzubaa kwa sababu bado haijajaza presha. Dawa yake ni kikomo cha mizunguko cha kuondokea, kinachoiwezesha injini kujenga presha gari likiwa limesimama. Kwa otomatiki ni kubana breki na kupandisha injini, ila usizidishe sekunde 2 au 3, kwani mafuta ya torki konveta hupanda joto kwa kasi ya ajabu. Matairi ya nyuma yakianza kusukuma gari mbele huku umebana breki, umefika mwisho wa njia hiyo. Kinachofuata ni breki ya giaboksi, inayolizuia gari kwa kuifunga giaboksi yenyewe, kama ile ambayo Dodge Challenger SRT Demon ya mwaka 2018 ilitoka nayo kiwandani. Kuifunga kwenye gari lisilokuwa nayo ni kazi ya mtaalamu wa giaboksi, na shafti lazima ziwe za kuhimili kishindo chake.

Dalili ya 3: Linashika mwanzoni, halafu linateleza baada ya mita 10 au 20

Watu hubadilisha matairi kwa sababu ya dalili hii, na mara nyingi si matairi. Presha ya turbo imefika yote kwa pamoja, au umeingiza gia ya pili na torki (nguvu ya kuzungusha) imegonga tairi upya. Ukiwa na kompyuta inayoweza kupanga presha kwa kila gia, punguza ya gia ya kwanza na ya pili. Usipokuwa nayo, chelewesha kidogo kukanyaga mpaka chini.

Visababishi vingine, kwa mpangilio: gari limehama kutoka kwenye mistari ya mpira, pua imeshuka mapema kwa sababu shokapu za mbele zinarudi haraka mno, na uzito ukaondoka nyuma, au uwanja umepakwa dawa ya kunata sehemu ya mwanzo tu. Waulize wasimamizi dawa imeishia wapi.

Tahadhari: nyuma ikianza kutoka, achia mafuta kwa utulivu na unyooshe usukani. Usipige breki. Mbio ni moja tu, na gari la njia ya pili liko mita chache pembeni yako.

Dalili ya 4: Nyuma inadunda du-du-du na gari zima linatikisika

Hii iogope. Tairi linashika, ukuta wake unajipinda, bushi zinabonyea, shafti inajisokota. Mshiko unakatika na vyote vinafyatuka kurudi vilipokuwa, kisha tairi linashika tena. Kila mdundo ni pigo la nyundo kwenye jointi za CV na meno ya difu. Sheria ni moja: toa mguu papo hapo. Kuna wanaoamini kwamba ukikanyaga zaidi litatulia lenyewe. Wakati mwingine hutulia kweli, lakini wakati mwingine shafti hukatika, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote kwenye orodha hii.

Anza na upepo. Badilisha psi 2 kwa kila jaribio, kupanda na kushuka, maana kuna matairi yanayotulia yakiongezwa. Kisha inua gari, liweke kwenye stendi imara, usitegemee jeki peke yake, na uchomeke mtaimbo kwenye kila bushi ya mikono ya nyuma. Inayocheza au kupasuka ndiyo mwizi wako. Angalia shokapu zinazovuja na mauntingi za injini, giaboksi na difu. Kwenye ekseli nzima yenye springi za majani, springi hujikunja zikachukua umbo la herufi S, na hapo vyuma vya kuizuia ekseli isijisokote ndiyo dawa.

Baada ya kudunda vibaya, usirudi kwenye foleni hata kama gari linatembea. Tazama ndani ya rimu: grisi iliyorushwa ina maana mpira wa jointi umechanika. Sikiliza mlio wa kugonga unapotia gia ya mbele kisha ya nyuma. Ukiona ufa pale fremu ndogo ya nyuma inapofungwa kwenye bodi, siku imeisha. Ita gari la kuvuta, na kazi ya kuchomelea aifanye mtu mwenye ujuzi huo.

Dalili ya 5: Tairi moja tu linateleza, au gari linavuta upande

Ardhini kuna alama moja nyeusi badala ya mbili? Kwanza linganisha upepo wa kulia na kushoto. Pili, zungushia futi ya fundi cherehani kila tairi la nyuma; mizingo ikitofautiana zaidi ya sentimita 1, gari litavuta tu. Tatu, difu. Zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi, inua ya nyuma yote mawili kwenye stendi, gia huru, handbreki chini, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likienda kinyume bila ukinzani, una difu ya kawaida, au LSD (difu inayozuia tairi moja kuzunguka peke yake) yenye sahani zilizokwisha. Jua kwamba LSD ya gia za kusokotana hujibu hivyo hivyo ikiwa nzima, kwa hiyo kipimo hiki hakiihukumu. LSD ya sahani huhitaji mafuta yake maalumu, na ukiweka ya kawaida itakwaruza na kufa mapema.

Kwenye magari yenye ekseli nzima nyuma, torki ya propela hupunguzia uzito gurudumu la kulia. Fimbo imara ya kuzuia kuinama, au mfuko wa hewa ndani ya springi ya kulia, hurekebisha hilo. Ukimaliza haya na bado linavuta, peleka kwenye alaimenti.

Dalili ya 6: Mizunguko inapanda, tairi halitelezi, gari haliendi

Klachi. Unaijua kwa harufu kabla hujaitafuta. Ipoze kwa kuendesha polepole pedali ikiwa imeachiliwa kabisa. Kusimama umekanyaga pedali hakupozi chochote. Kisha, uwanjani, weka gia ya nne kwenye mizunguko 2,000 na ukanyage mpaka chini: sindano ikiruka wakati kasi haibadiliki, klachi imekwisha au imelowa mafuta. Giaboksi ya klachi mbili ikiwasha taa ya joto, simama na usubiri mpaka izimike yenyewe, usiipuuze kwa sababu zamu yako imekaribia.

Klachi iliyopata joto mara nyingi, ikiwa na flaiwili ya chuma cha kusubu, inaweza kupasuka kwenye mizunguko ya juu, na vipande hupenya sakafu ya gari hadi miguuni kwa dereva. Gari lenye nguvu nyingi linahitaji flaiwili ya chuma cha pua au aloi iliyoidhinishwa kwa mbio na ngao ya kuizunguka. Ufungaji wake si wa kujifunzia.

Dalili ya 7: Mtetemo unaozidi kadiri kasi inavyopanda

Achia mafuta, ondoka njiani salama. Hapa ndipo chaki inapofanya kazi: kabla ya mbio chora mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye rimu hadi kwenye tairi. Ukirudi na kukuta mstari umekatika, kipande cha tairi kikiwa kimesogea, tairi limezunguka juu ya rimu na balansi imepotea. Ongeza upepo kidogo na ubalansi upya. Likirudia, unahitaji rimu za kubana tairi. Mstari ukiwa mzima, shuku propela na jointi zake. Propela inayotetemeka haijaribiwi mara ya pili.

Dalili ya 8: Futi 60 nzuri mbio hii, mbaya inayofuata

Wengi hulaumu njia. Anza na namna unavyojipanga. Kwenye mstari kuna taa mbili zinazowaka moja baada ya nyingine kadiri tairi la mbele linavyosogea; ukisimama pale taa ya pili inapowaka tu, gari husogea kama sentimita 30 kabla saa haijaanza kuhesabu. Ukiingia ndani zaidi, unaipoteza kasi hiyo ya bure na futi 60 inaonekana mbaya ingawa gari liko vile vile. Sogea kwa mwendo wa kutambaa, simama mahali pale pale kila mara.

Pima upepo katika hatua ile ile ya siku, matairi yakiwa hayajachomwa, kwani joto hupandisha presha na kipimo cha baada ya mbio hakilinganishwi na cha kabla yake. Na kama gari limesimama muda mrefu jua likipiga upande mmoja, tairi la upande huo linaweza kuwa limepanda psi 1 au 2. Lifunike kwa kitambaa ukiwa kwenye foleni, na upime ya nyuma yote mawili upya kabla hujavaa kofia.